Kampuni Iliyoshuka Ndivani

Swali lenyewe lilikuwa fupi: "Ni kampuni gani hapa nchini unaiona kuwa rafiki wa mazingira?" Nilikabidhiwa swali hilo ndani ya kishikwambi, pamoja na kofia, fulana na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, na kampuni moja ya utafiti ya Dar es Salaam iliyoniajiri kwa muda. Nilikuwa nimekaa nyumbani tangu nimalize chuo kikuu. Siku ya mafunzo nilinyoosha mkono nikauliza mtu wa kawaida atajuaje kampuni inavyoyatendea mazingira ikiwa kiwanda chake hajawahi kukiona. Msimamizi wetu, mama mmoja mwenye sauti ya upole, akajibu kwamba sisi hatupimi ukweli, tunapima mtazamo. Nikauliza kama mteja anayelipia utafiti anaijua tofauti hiyo. Akasema tuendelee na kipengele cha kuchaji betri.

Kazi ilikuwa ya muda, ila ilikuwa na ahadi nyuma yake. Kampuni ilikuwa inafungua ofisi Moshi, na yule ambaye majibu yake yangeonekana safi kuliko ya wenzake ndiye angekuwa msimamizi wa kanda. Hiyo ilikuwa ajira ya kudumu, yenye bima ya afya ambayo ingemwingiza na mama yangu. Mama anaishi kijijini kwetu milimani, juu ya Same. Ana shamba la mahindi na tangawizi, ana shinikizo la damu, na ana imani. Nilipomwambia kwamba kuna nafasi huenda nikaipata, alisikia neno la mwisho tu. Jumapili iliyofuata alisimama kwenye umoja wa wanawake kanisani akatoa shukrani kwa ajili ya binti yake aliyepata kazi Moshi. Tangu siku hiyo nikawa natafuta kazi ambayo Mungu alikuwa ameshashukuriwa.

Nilianzia Same mjini. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi alitaja kampuni ya mabasi.

"Kwa nini?" nikasoma swali la pili.

"Mabasi yao ni ya kijani."

"Na ule moshi?"

"Moshi unatoka nyuma, dada. Mimi hapa dukani nayaona yakija."

Mama lishe wa pale stendi alitaja kampuni ya simu, kwa sababu ilipanda miti kwenye shule ya msingi. Nilikwenda kuitazama. Mbuzi walikuwa wameshaimaliza yote, limebaki bango lenye jina la kampuni, na bango lilikuwa limepakwa rangi upya. Nikarudi kumweleza. Akasema mbuzi si wa kampuni.

Seremala anayetengeneza majeneza alitaka niiandike karakana yake. Nilipomuuliza kwa nini, alisema wateja wake ndio peke yao mjini walioacha kabisa kutupa taka. Mpokezi wa gesti niliyolala aliitaja gesti yenyewe, kwa kuwa kila chumba kimebandikwa tangazo linalomsihi mgeni ayalinde mazingira kwa kuoga maji kidogo. Bombani hakukuwa na maji tangu nilipofika. Niliyaandika yote hayo, na nikaona kwamba gesti ile ilikuwa na ushahidi mzuri kuliko kampuni ya simu.

Kutoka Same nikateremka Kihurio, kwenye mashamba ya mpunga. Huko nilimkuta mzee mmoja amekaa kwenye tuta la mfereji.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Unauza nini?"

"Siuzi, nauliza." Nikamsomea swali.

Alitaja kampuni ya dawa za kuua wadudu, bila kusita. Alisema zamani mazingira ya pale yalikuwa mabaya sana, yamejaa wadudu. "Sasa hivi pita shamba zima. Hutaona hata panzi."

"Na vyura?"

"Hata vyura," akasema kwa fahari.

Kila jioni nilituma majibu ofisini, na ofisi ilifurahi. Msimamizi aliniambia kwa simu kwamba majibu yangu yametawanyika vizuri. Kumbe hicho ndicho kilichohitajika. Mtu mmoja anataja basi, mwingine simu, mwingine jeneza, na vyote vikichanganywa vinatoa picha ya taifa.

Kijiji cha mwisho kwenye orodha yangu, kilichochaguliwa na kompyuta, kilikuwa kijiji chetu. Nilitoa taarifa mara moja kwamba ni kwetu. Msimamizi akasema kompyuta haina upendeleo, nami nisiwe nao.

Nikapanda mlimani. Nilianza na nyumba zilizo karibu na kanisa. Mzee wa kwanza akataja kampuni moja ya plastiki, ile inayotengeneza ndoo, madumu na matenki ya maji. Nikaandika. Jirani yake akataja hiyo hiyo. Nikadhani wameongea. Nikavuka korongo kwenda upande wa pili, ambako watu hawasemezani na upande huu kwa ajili ya kesi ya mpaka iliyoanza kabla sijazaliwa, nao wakataja kampuni hiyo hiyo. Jioni nikamsomea mama swali, maana naye alikuwa kwenye sampuli.

"Wale wa matenki," akasema.

"Mama, ile kampuni inatengeneza plastiki."

"Najua. Hata tenki letu ni la kwao."

"Plastiki ndiyo inayoziba mdomo wa ndiva kila masika."

"Na wao ndio walioizibua. Ulitaka azibue nani?"

Hapo ndipo nilipohadithiwa kisa ambacho kijiji kizima kilidhani ninakijua. Ndiva ni bwawa letu la udongo. Maji ya kijito yanakusanyika humo usiku, asubuhi yanafunguliwa kwenda mashambani kwa zamu. Kila msimu linajaa tope, na tope linatolewa kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja: pembe inapulizwa alfajiri, na kila kaya inatoa mtu na jembe. Asiyekuja anatozwa. Tena kwetu ipo kanuni kwamba siku ya msaragambo hakuna mtazamaji. Hata mgeni akikutwa kijijini, kama si mgonjwa wala hajaja msibani, anashuka ndivani.

Sasa mimi nikiwa bado Same, lori la ile kampuni ya plastiki lilikuwa likipandisha matenki, likavunjika springi kwenye kona iliyo juu kidogo ya ndiva. Dereva na utingo wake wakawa wanasubiri springi nyingine kutoka Moshi. Siku ya msaragambo ikawakuta hapo. Mwenyekiti wa kamati ya ndiva, ambaye ni baba mdogo wa mama yangu na ambaye hajawahi kumsamehe mtu msaragambo, akawafuata garini akawapa majembe. Hawakubisha. Dereva alichimba tope hadi mchana. Utingo, mtu mzima mwenye mvi, alizama hadi kifuani kwenye mdomo wa ndiva, akavuta mizizi, magunia na chupa za plastiki mpaka maji yakapita. Kisha walikula makande na wenzao. Springi ilipofika, wakaenda zao.

"Kwa hiyo," nikamwambia mama, "kampuni haikufanya lolote. Gari lao liliharibika."

"Magari mangapi yameharibika barabara hii?"

"Mengi."

"Na kampuni ngapi zimeshuka ndivani?"

Nilimweleza kwamba kampuni ni kiwanda, wanahisa, na mabomba yanayomwaga maji machafu mahali fulani asipopajua. Watu wawili waliokwama hawawezi kuisafisha. Nilieleza vizuri, nadhani, kwa sababu alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza kama hao wanahisa walikuwepo siku ya msaragambo. Nikasema hapana. Akasema basi hajui niwataje kwa nini.

Sikukubaliana naye, na sikubaliani naye hadi leo. Lakini kazi yangu ilikuwa kuandika, nikaandika. Kijiji chote kikatoka na jibu moja, isipokuwa mwalimu mstaafu aliyesema swali limeulizwa vibaya. Huyo nilimwelewa kuliko wote.

Msimamizi alipiga simu mara tu nilipotuma.

"Mdogo wangu, hiki kijiji kina nini?"

"Kwa vipi, dada?"

"Wote wamejibu kampuni moja. Kitaalamu haiwezekani. Tena kampuni yenyewe ya plastiki!"

"Ndivyo walivyojibu."

"Au ulifika kwa mama, ukapata uji, ukajijazia mwenyewe?" Alisema kwa upole ule ule, kama mtu anayekukumbusha kwamba umesahau mwavuli. "Nakutumia mkaguzi. Akikuta umepika majibu, hapo hata mimi sitaweza kukusaidia. Akikuta safi, Moshi ni yako. Nimekwambia kama ndugu."

Nilimwambia mama kwamba anakuja mtu wa ofisini. Akachinja kuku kabla sijamaliza kueleza kwamba anakuja kunichunguza.

Mkaguzi alikuwa kijana wa makamo yangu, amevaa raba nyeupe. Alifika jioni kwa bodaboda kutoka Same, vumbi kwenye nyusi, akamwamkia mama vizuri, akala kuku vizuri, na mama aliponyanyuka kuongeza mchuzi akaninong'oneza: "Dada, kama ulipika, sema tu. Mimi sina ugomvi na mtu."

"Sikupika."

"Sawa. Lakini ukipika siku nyingine, usipike kijiji kizima. Unachanganya changanya."

Alipanga kuanza kuuliza watu asubuhi. Asubuhi pembe ikalia. Mvua kubwa ya wiki ile ilikuwa imebomoa kipande cha ukingo wa ndiva, na mwenyekiti hakuwa tayari kungoja Jumamosi. Mkaguzi alipita nyumba kwa nyumba akakuta vitasa na kuku. Akaniuliza watu wako wapi. Nikamwambia wako ndivani. Akasema basi twende tukawaulize huko. Nilimshauri abaki nyumbani hadi mchana. Nilimweleza na sababu. Akacheka, akasema yeye amefanya utafiti mikoa mingi.

Tulipotokeza tu ukingoni, mwenyekiti aliziona zile raba.

"Karibu. Jembe hili hapa."

"Shikamoo, mzee. Mimi niko kazini."

"Marahaba. Sisi unaona tuko wapi?"

"Namaanisha nimetumwa na ofisi."

"Ofisi imefanya vizuri kutuma mtu. Mwaka huu watu wamepungua." Akamwekea jembe mkononi, akageuka kumgombeza mtu mwingine.

Mkaguzi alinitazama. Mimi nilikuwa nimeshavua viatu. Akakunja suruali, akashuka na raba zake, na hatua ya pili tope likaichukua ya kushoto.

Kina mama waliokuwa wakipokezana karai za udongo hawakumwacha.

"Kaka wa Dar, hilo jembe, siyo kijiko cha chai!"

"Shika mpini kwa nguvu, hauumi!"

"Mwacheni, ametoka kwenye lami. Huko wanachimba kwa rimoti."

"We kaka, umeoa?"

"Bado, mama."

"Kwa uchimbaji huo, utasubiri!"

Nilidhani angeondoka. Hakuondoka. Sijui kama ni haya, au ni kwa sababu raba moja ilikuwa bado chini na hakutaka kuiacha, lakini alichimba. Kufika saa za makande mikono ilikuwa imetoka malengelenge, na alikuwa amejua kumrudishia maneno yule mama wa kwanza, kwamba yeye karai lake lina tundu makusudi ili abebe udongo kidogo. Watu walicheka hadi mwenyekiti akatazama upande wetu. Raba ilipatikana. Haikuwa nyeupe tena, wala haikuwa na rangi nyingine yenye jina.

Baada ya kula akatoa kishikwambi chake mfukoni, akakifuta, akaanza kuhoji watu pale pale walipokaa. Kwa mujibu wa kanuni mimi nilikaa mbali, lakini si mbali sana. Alianza na yule mama wa karai.

"Mama, ni kampuni gani hapa nchini unaiona kuwa rafiki wa mazingira?"

"Ya kwenu."

"Hapana, mama. Sisi ni kampuni ya utafiti."

"Hiyo hiyo. Andika."

"Sisi tunauliza maswali tu. Hatuna uhusiano wowote na mazingira."

"Na leo umechimba nini?"

Akahamia kwa mwingine. Naye akataja kampuni ya utafiti. Wa tatu akasita. Alisema kampuni ya matenki ilileta watu wawili, na hii imeleta mmoja. Jirani yake akadakia kwamba na mimi nimo, kwa hiyo ni wawili. Wakaanza kubishana kama mimi ninahesabika. Mmoja alisema nimevaa fulana ya kampuni, kwa hiyo ni wa kampuni. Mwingine alisema nilikuwa lazima nichimbe kwa ajili ya kaya ya mama, fulana au hakuna fulana, na mtu hawezi kuchimba mara moja akahesabiwa pande mbili. Sisi Wapare tunasifika kwa kupenda kesi, na hii ilikuwa kesi nzuri. Wakamwita mwenyekiti. Mwenyekiti akauliza kama mama yangu alileta mtu mwingine. Mama akasimama akasema yeye mwenyewe alikuwepo na amebeba karai tangu asubuhi, kwa hiyo kaya imelipwa na binti anaweza kwenda kwa kampuni. Ikakubaliwa. Kampuni mbili zikawa sare kwa idadi ya watu, na ya utafiti ikashinda kwa kuwa ilikuja kwa miguu yake, siyo kwa kuharibikiwa gari.

Mkaguzi alikuwa ameinamisha kichwa. Jina la kampuni yetu halikuwepo kwenye orodha ya majibu ndani ya kishikwambi, kwa sababu aliyetengeneza orodha hakuliona hilo likija. Ilibidi kila mara abonyeze "Nyingine, taja", kisha aandike jina la mwajiri wake, herufi kwa herufi, kwa vidole vyenye malengelenge.

Tukiwa njiani kurudi nyumbani akaniambia, "Hujapika."

"Nilikwambia."

"Ningekukamata umepika ingekuwa rahisi zaidi." Alitembea kidogo akichechemea. "Hawa watu wamekosea, unajua."

"Najua."

"Lakini nimewauliza mara ya pili kwa namna nyingine, kama tunavyofundishwa, nao wamekosea vile vile. Hawakubabaika hata mmoja, na wote wanakumbuka kwamba kwako walitaja wale wa matenki. Mjini nikimuuliza mtu mara ya pili ananitajia kampuni nyingine kabisa."

Aliandika kwenye ripoti yake kwamba hakuna ushahidi wa udanganyifu. Siku iliyofuata akashuka Same. Mama alimfungashia tangawizi.

Msimamizi alipiga simu wakati nikiwa bado milimani. Sauti ilikuwa ya furaha. Alisema nimesafishwa, alijua tangu mwanzo kwamba mimi ni mtu mwadilifu, na Moshi ni yangu. Kulikuwa na jambo dogo moja tu la kurekebisha.

"Haya majibu ya kijiji hayawezi kwenda kwa mteja. Kampuni ya plastiki kila mstari! Na ya ukaguzi ndiyo mabaya zaidi, tumo sisi wenyewe. Mteja atasema tumejipigia kura."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo uingie kwenye mfumo, kila mmoja umwekee 'Hajui'. Lazima uingie wewe, kwa sababu mahojiano yamefunguliwa kwa jina lako."

"Lakini wanajua. Wanajua vibaya, ila wanajua."

"Mdogo wangu, hiyo ni falsafa. 'Hajui' ni jibu halali kabisa, lipo kwenye orodha. Watu wa vijijini mara nyingi hawajui, hakuna atakayeshangaa. Nipe jibu kesho."

Nilikata simu nikakaa kwenye ngazi ya jikoni. Mambo yalikuwa wazi kuliko ninavyopenda. Nikibonyeza, mama anapata bima na mimi ninapata meza. Nisipobonyeza, sipati kitu, na kampuni ya plastiki inapata sifa isiyostahili kutoka kwa kijiji kimoja. Nilitafuta hoja ya kunitoa pale. Nilijiambia utafiti wenyewe ni upuuzi: basi la kijani, jeneza, mashamba yasiyo na vyura. Kuongeza upuuzi juu ya upuuzi kuna ubaya gani? Hoja ilikuwa nzuri, ila niliposema "Hajui" kwa sauti, peke yangu, nilimwona yule mzee wa Kihurio. Yeye jibu lake lilikuwa limepita bila tatizo. Alikuwa amekosea kuliko sisi sote, lakini alikosea peke yake, kwa utulivu, na kuhusu kampuni ambayo ina mabango mazuri.

Nilimweleza mama kila kitu, maana bima ilikuwa yake. Alisikiliza huku akiweka sufuria motoni.

"Sasa shida iko wapi?" akasema. "Andika hatujui."

"Utakuwa uongo."

"Wewe ukiandika hatujui, sisi tutaacha kujua?"

"Hapana."

"Basi andika. Anza na mimi. Mimi ni mama yako, sitakushtaki."

Nikaleta kishikwambi. Nikafungua ukurasa wake. Sijui ni ubishi gani ulionishika, lakini nilimwambia siwezi kulibadilisha jibu bila yeye kulibadilisha mwenyewe. Nitamsomea swali upya, anijibu hajui, nami nitaandika alichosema. Hapo hakutakuwa na uongo wowote, si wake wala si wangu. Akaona ni jambo dogo. Akafuta mikono kwa kanga, akakaa sawasawa kama mtu anayepigwa picha.

"Ni kampuni gani hapa nchini unaiona kuwa rafiki wa mazingira?"

"Sijui," akasema haraka.

Nikasogeza kidole.

"Ila wale wa matenki walichimba," akaongeza.

"Mama!"

"Nimesema sijui. Hilo lingine ni maongezi."

"Huwezi kusema hujui halafu uendelee."

"Haya, rudia."

Nikarudia. Safari hii alifunga macho. "Sijui," akasema, akabana midomo. Nilikuwa karibu kubonyeza alipofungua macho akaniuliza, "Yule utingo, jina lake huko ofisini wanalijua?"

"Mama, tafadhali."

"Nauliza tu. Mtu mzima yule, na maji yalikuwa baridi. Alizama hadi hapa." Akajigusa kifuani. "Nikisema sijui, ni kama sikumwona. Na mimi nilikuwa nimesimama pale pale na karai."

"Si lazima useme. Nilikwambia utakuwa uongo."

"Kazi unaitaka?"

"Naitaka."

"Hata mimi naitaka." Sufuria ilianza kuchemka, hakuitazama. "Rudia mara ya mwisho. Uliza haraka, nikujibu haraka."

Niliuliza haraka. Mama alifungua mdomo, akaufunga, akainuka akaenda kutoa sufuria motoni, na kutoka kule jikoni akasema kwa hasira, kama aliyesingiziwa jambo, "Kwani nimesema uongo? Nimwonee nani haya mimi? Waambie ni wale wa matenki!"

Nikafunga kishikwambi.

Niliacha majibu yote kama yalivyokuwa, nikaongeza maelezo mafupi kuhusu springi, msaragambo na utingo, ambayo nina hakika hakuna aliyeyasoma. Msimamizi alinipigia baada ya wiki hivi. Alikuwa mpole. Alisema anaheshimu msimamo wangu, na kijiji kitaondolewa kwa sababu za kitaalamu. Watu wengine wataulizwa kwa simu ili idadi itimie. Nafasi ya Moshi amepewa kijana aliyehoji watu wa Msangeni, ambaye majibu yake yalitawanyika vizuri. Alinitakia kila la heri, na akaniomba nirudishe kishikwambi kikiwa na chaja yake.

Mama alikuwa uani, amekaa kwenye kigoda, anakwangua udongo kwenye tangawizi. Hakuinua kichwa.

"Wamesemaje?"

"Wamesema kijiji kinaondolewa."

"Kinaondolewa kiende wapi?"

"Kwenye utafiti, mama."

"Aa. Na kazi?"

"Amepewa mtu mwingine."

Alikwangua kipande kizima, akakigeuza upande wa pili, akakikwangua tena, ingawa kilikuwa safi.

"Huyo mtu mwingine," akasema, "naye ana mama?"

"Kila mtu ana mama."

"Wengine wamefiwa."

Nikavuta kigoda kingine nikakaa. Gari la sokoni lilikuwa linashuka Same alfajiri ya kesho yake, na lundo la tangawizi lilikuwa bado halijakwanguliwa nusu.